Tone la unga kwenye kigae cha Eulalie

Sokoni Kadutu, unga wa muhogo wa Eulalie ulinunuliwa bila kuonjwa. Kabla ya kupokea gunia lolote, mjane huyu alikoroga unga kidogo katika maji, akadondosha tone moja juu ya kigae cheusi, akakianika juani. Ndivyo mama yake alivyofanya kule Kabare. Unga safi ukikauka huacha doa lililofifia, sawa kote. Uliotiwa udongo mweupe, ule wa kupaka kuta, haujifichi: chembe za udongo ni ndogo kuliko za unga, maji yanapokauka huukokota mpaka ukingoni, na tone huacha duara jembamba jeupe.

Mwaka wa sabini na nane, unga ulipokuwa haba na ghali, udongo uliingia kila gunia, na wachuuzi hawakuona haya kulisha watu ukuta. Mchuuzi Constantin wa kijiji cha Miti alipoleta magunia matatu, Eulalie alipima. Duara halikuonekana. Akapokea, akauza la kwanza.

Kesho yake Rosalie, mteja wake wa miaka mingi, alirudi amekunja uso.

«Maman Eulalie, bugali inalia mu meno kama muchanga. Hata weye?»

Hilo «hata weye» lilimchoma. Jina lake ndilo lililouza unga ule. Akamgeukia mke wa mwanawe, Marie-Louise.

«Ulifanya nini na kigae yangu?»

«Niliisafisha na sabuni, maman. Ilikuwa muchafu.»

Sabuni! Mama yake alimkataza tangu utotoni: penye sabuni udongo hautulii ukingoni, unatapakaa, duara halifungi. Akakisugua kwa mchanga, akakisuuza mara tano, akadondosha tone jipya la unga wa Constantin mbele ya watu. Jua likafanya kazi yake. Duara lilitoka, jeupe, limefunga.

Constantin, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, alicheka, akamwita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali. «Citoyenne, udongo haiue mutu. Kila mutu ajitafutie.»

«Mumeona wenyewe,» Eulalie akawaambia wanunuzi. «Hii siuzishe.»

«Uzisha tu, maman,» mwanamke mmoja akajibu, «shusha bei kidogo.» Wengine wakaitikia. Hakuna aliyekitazama kigae tena.

 Eulalie aliyakokota magunia mawili yaliyobaki hadi mtaroni, akayamwaga kwenye maji machafu.

Vumbi halijatua, wanawake walikuwa wamepiga magoti, wanasukumana kwa viwiko, wanazoa unga pamoja na tope. Wa kwanza kutandika kitenge chake alikuwa Rosalie.