Mzinga Uliofunguliwa Kila Jumapili

Moshi wa majani ya mkaratusi ukinipata popote, hata leo nikiwa na uso wangu wa mhadhiri, nageuka kutafuta pa kukimbilia. Ndiyo harufu ya Jumapili zetu za kiangazi pale mtaani kwetu Muhumba: tukitoka misa, Papa, baba yetu, alijifunika chandarua kichwani, akaenda nyuma ya nyumba kufungua mzinga.

Mzinga huo wa gogo ndio ulikuwa urithi wake wote. Babu alipofariki, shamba la kijijini Nyantende alipewa mdogo wake Papa, kwa sababu Papa alikuwa amesoma na ukoo uliona shule imemtosha. Yeye akapewa nyuki. Aliwaleta mjini kwa heshima ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuionja, akatafuta kitabu cha Kifaransa cha ufugaji. Kitabu kilisema Julai ni mwezi wa maua, na mfugaji mwema hukagua mzinga kila wiki. Julai ya Ulaya, bila shaka. Kwetu Julai ni vumbi, nyasi kavu na moshi wa mashamba yanayochomwa milimani. Nyuki hawana pa kuchuma, wanaishi kwa akiba. Papa alikiamini kitabu. Kila Jumapili alitia moshi, akafungua, akakata kipande cha sega aone kama kimejaa.

"Papa Noëlla, achana na ile nyuki," maman alimwambia toka jikoni, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Hata mimi, ukinifungulia mulango kila dimanche na moshi juu yake, nitarudia kwetu."

Tulicheka sana. Papa alisema tu, "Iko science, maman."

Mwishoni mwa Agosti alifungua akakuta masega matupu na sisimizi. Nyuki walikuwa wamehama. Wiki hiyohiyo tonton, yule mdogo wake Papa, alikuja toka Nyantende na mkungu wa ndizi begani, akamwuliza kaka yake kwa sauti ya kufika barabarani:

"Grand frère, nyuki ya muzee iko wapi?"

"Iko mu vacances," Papa alijibu, kana kwamba nyuki nao huenda likizo.

Akaingia ndani, hakutoka hata kumsindikiza mgeni. Nyantende hakukanyaga tena, hata siku walipomzika tonton.

Naye Papa alipofariki, nyumba ya Muhumba na ua wake uliokuwa na mzinga vilitufikia sisi watoto. Wote tulikuwa tumesoma, kwa hiyo hapakuwa na wa kunyimwa. Tuliviuza kwa simu, kila mmoja akiharakisha mwenzake, na mnunuzi ameshajenga ghorofa mpaka ukutani. Papa aliupoteza urithi wake kwa kuuchungulia mno. Urithi wetu sisi, hakuna aliyekwenda kuutazama.