Kugawanya kwa Matonge

Enzi zetu, nyinyi mliosoma wakati nyumba nzima ilikuwa na simu moja, nayo ilikaa mfukoni mwa Baba, kugawanya kulikuwa vita! Hakuna cha kubofya. Ulikuwa wewe, penseli iliyotafunwa, na sweta inayonuka moshi wa jikoni.

Nilianzia vita hivyo Matisi, pale Kitale, tukiwa wanne kwa deski moja na mvua ikipiga mabati hadi mwalimu ananyamaza na kuandika tu. Mwalimu Beatrice, aliyetufunza hesabu darasa la nne, hakutaka tukariri. Alikuwa akisema, "Nani humeza ugali mzima? Si unakata tonge? Toa fungu unalolijua, kisha rudia mabaki." Basi tukatoa namba ya kugawanyia mara kumi, tukaitoa mara tano, tukaandika hizo mara pembeni, mwisho tukazijumlisha. Niliipenda njia hiyo kupita kiasi. Daftari langu lilijaa mafungu kutoka juu hadi chini.

Nilipomaliza la nne, Baba akahamishia duka lake la viazi Lugulu, kule Bungoma. Shule mpya ikapokea mdogo wangu Nyambura darasa la nne bila neno. Kwangu, naibu mwalimu mkuu akafungua daftari langu na kukunja uso. "Sasa hii ni hesabu ama ni orodha ya harusi? Huyu arudie la nne."

La nne! Deski moja na Nyambura, niliyemfunga kamba za viatu mimi mwenyewe! Yeye alifurahi ajabu, akakimbia kunipangusia nafasi kando yake kwa mkono wa sweta. Mimi machozi yalikuwa karibu. Baba akasema taratibu, "Mwalimu, mpe swali moja tu."

Tukapelekwa darasa la tano. Naibu akaandika ubaoni 2,472 gawanya kwa 24, akamwita Wafula, bingwa wao, afanye upande wake nami wangu. Chaki ya Wafula ililia kama kuku. Gawa, zidisha, toa, shusha, tayari: 13! Darasa likampigia makofi. Mimi ndio kwanza nimetoa 240, yaani mara kumi. Kisha nikajiuliza, mbona nakata tonge dogo hivi? Nikafuta. Mara mia moja, 2,400 kwa mkupuo! Zikabaki 72, nazo ni mara tatu. Mia moja na tatu.

"Ati mia moja na tatu?" Wafula akacheka. Naibu hakucheka. Alizidisha 103 kwa 24 polepole, na jibu likatoka 2,472. Akamgeukia bingwa wake: "Wafula, sifuri umepeleka wapi?"

Wacha kelele zipande! Wafula mwenyewe alicheka hadi akashika tumbo, na kabla ya saa nne alikuwa ameniomba nimfunze. Baba alinipa mkono kama mtu mzima. Nilikaa darasa la tano nikijiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Leo mwanangu huuliza simu, ikimjibu anarudi kwa katuni zake. Nikimwonyesha matonge yangu ananiambia, "Mum, si hiyo ni kazi mingi?" Kila mtoto nyumbani kwangu ana meza yake, na hakuna anayemsukuma mwenzake kwa kiwiko. Nyambura naye aliolewa ng'ambo. Tunaonana kwenye kioo cha simu dakika kumi, kisha mtandao unakatika.

Siku ile nilipita mlangoni kwa darasa la nne nikiruka kwa furaha, sikumtazama Nyambura hata kidogo. Ningejua jinsi miaka ingetugawanya, ningeandika 13 kama Wafula, nikae naye deski moja mwaka mzima.