Uji wa Wimbi kwenye Njia ya Stendi

Mwaka 1973, nikiwa na miaka minane, ndipo shida ilipoingia kwetu Nyamwaga ikakaa. Ng'ombe walikufa kwa ugonjwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likabaki na samadi tu. Mama alikuwa amekwisha kufa, nikiwa bado mdogo wa kubebwa. Baba akasema anakwenda Kenya kuchuma chai, atarudi na hela ya kununua mitamba. Akapanda gari akaenda. Mimi shule nikaishia darasa la pili, na sikulia. Kilichokuwa kinanisumbua ni tumbo.

Haya yote nimeyakumbuka kwa sababu ya mabati. Kama uliwahi kupita Tarime siku za nyuma, unaijua ile njia nyembamba iliyotoka sokoni, ikapenya nyuma ya maduka, ikakutupa katikati ya mabasi. Sasa stendi inajengwa upya. Wamezungushia mabati ya bluu, na njia yetu wameiziba. Abiria anazunguka mpaka barabara ya lami, anaingia kwa geti lenye mlinzi. Siku wanapigilia bati pale mdomoni mwa njia nilisimama na kanga yangu kiunoni, nikamwuliza kijana mwenye nyundo, "Sasa mtu akishuka kwenye basi atapita wapi?"

"Shikamoo mama. Atapita popote, mama. Stendi mpya itakuwa na mageti manne."

Marahaba, nikamwambia. Popote! Sisi enzi zetu hapakuwa na popote. Palikuwa na pale.

Baba alipomaliza mwaka bila habari, bibi, yaani mama yake, aliegemeza miiba mlangoni, jembe akamwachia jirani, akanishika mkono tukaja mjini. Jirani alimcheka: "Unaacha migomba unakwenda kukalia vumbi?" Bibi akanivuta mkono tukaondoka. Watu aliowajibu bibi yangu katika maisha yake walikuwa wachache.

Tulipanga chumba cha uani kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu aliyetoka pwani, mtu wa kofia safi na maneno mengi. Cherehani yake ilikaa barazani, na mbele ya baraza ndipo ile njia ilipopita. Bibi akaweka mafiga yake matatu ukingoni, akaanza kuuza uji.

Huo uji, rafiki yangu, sijaupata tena mahali popote, hata jikoni kwangu. Ulikuwa wa wimbi, mzito, wenye rangi ya udongo wa mtoni, umechachuka kidogo. Wimbi nilisaga mimi kwenye jiwe, nimepiga magoti, mpaka mabega yakawa magumu kama ya mvulana. Maji nilichota mimi. Vikombe vya bati nilisugua mimi kwa majivu. Alfajiri moshi wa kuni ulilala chini kwenye njia yote, na ndani ya moshi ule ukasikia makondakta wanapiga ubavu wa basi kwa kiganja, "Musoma! Musoma ya kwanza hii!", na kuku waliofungwa miguu wanalalamika, na mama wa Nyamwaga anasema "nipisheni" chini ya mkungu wa ndizi unaomdondoshea utomvu mgongoni.

Sisi tulikaa kwenye vigoda vya chini, kwa hiyo watu tuliwajua kwa miguu. Mwalimu alikuwa na viatu vyeusi vilivyopasuka pembeni. Masista walikuwa na sandali na soksi nyeupe. Wachunga ng'ombe walivaa katambuga za tairi, na visigino vyao unaweza kunolea kisu. Miguu ikisimama, namimina uji. Sura nilikuja kuiangalia wakati wa kupokea hela.

Sasa nikwambie jambo la bibi. Kila baada ya siku chache, kabla hapajakucha, aliyasogeza yale mafiga. Kidogo tu, upana wa kiganja, kuelekea katikati ya njia. Akasogeza na kigoda, akasogeza na rundo la kuni. Njia ambayo watu wawili walipishana na mizigo ikawa ya mtu mmoja, tena apite ubavu. Watu walifoka. Wengine walitukana kabisa, kwa Kikurya, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili. Bibi anakoroga uji.

Fundi ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumtania. "Bibi kizee," anamwambia huku anakanyaga cherehani, "endelea tu kusogea. Mwezi ujao utaniinjikia sufuria juu ya mapaja."

"Mapaja yenyewe yako wapi?" bibi anajibu. "Hayo ni mapaja ya korongo."

Soko zima linacheka, na fundi anacheka kuliko wote.

Mimi niliona ni akili ya biashara, na kweli biashara ilikuwepo. Mtu akilazimika kupunguza mwendo mbele ya sufuria linalofuka, atakunywa. Ila kulikuwa na kitu sikukielewa. Wenzake walihamia barabarani, kwenye malori, wakawa wanauza mara mbili yetu. Walimwita, "Njoo huku, mama, huko uchochoroni unafuata nini?" Hakwenda. Mvua ikinyesha, njia ile iligeuka mfereji, na bibi alikaa palepale na gunia kichwani, maji yanampita chini ya kigoda. Akiwa na homa alikaa palepale. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Bibi, wote wako barabarani, kasoro sisi."

"Wewe koroga uji."

Na nilikoroga. Miaka ikapita. Mpaka wa Kenya ukafungwa, anayevuka akavuka kwa njia za panya, na majirani waliotoka Nyamwaga kuja sokoni wakamwambia bibi amtoe mwanawe moyoni, ahesabu amezikwa huko. Nikaota matiti. Sura ya baba nilikuwa nimeisahau, nikwambie ukweli, nilibaki nakumbuka sauti ya kukohoa tu.

Inabidi ujue jinsi abiria walivyopita wakati ule. Gari lililotoka upande wa Sirari, kule mpakani, lilishusha watu sokoni. Basi la Musoma lilijaza watu ndani ya stendi. Kwa hiyo mtu aliyetoka huko juu akitaka kuendelea na safari, njia ilikuwa hiyo yetu tu.

Asubuhi moja lilishuka kundi kubwa, watu wanasukumana, basi la Musoma linapiga honi. Ikaja miguu yenye katambuga ikasimama mbele yangu. Juu nikaona mtu amebeba sanduku la mbao begani, upande wa kwetu, limemfunika uso wote.

"Msichana, uji ni pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Ghali hivyo? Kule nimetoka, pesa hiyo unakunywa mpaka unaomba radhi."

"Basi rudi ukanywe huko."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akakohoa. Bibi alikuwa ameinama anapuliza moto, majivu yamemjaa kwenye nyusi. Nikaona ameacha kupuliza. Alikuwa anaangalia mguu wa kushoto wa yule mtu, ambao kidole cha mwisho hakikuwepo. Hakuinua uso. Alichukua kikombe kikubwa kuliko vyote, akakijaza mpaka ukamwagika kwenye vidole vyake, akanipa.

"Mpe. Asilipe."

"Bibi! Huyu anatubishia bei!"

"Nimesema mpe. Kaa chini, kijana wangu, mura. Kidole ulikatwa na jembe langu la plau, nitakisahau?"

Sanduku likashuka polepole. Nyuma watu wanapiga kelele, "Tupisheni jamani, basi linatuacha!" Fundi cherehani, ambaye habari za mwana wa bibi aliyepotea alizijua, akaruka kutoka barazani, akaweka kiti chake katikati ya njia, akakikalia. "Subirini!" akapaza sauti. "Leo hapa hapapitiki! Musoma ya pili itakuja!"

Na baba akakaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima, akanywa uji wa mama yake huku machozi yanaingia kikombeni. Bibi hakulia. Alimwambia, "Umekonda," akaendelea kupuliza moto.

Jioni ndipo nilipopata kuelewa. Baba hakuwa anakuja kwetu. Alikuwa anapita. Mitamba hakuipata, kifua kilikuwa kimeharibika kwa baridi ya kule milimani, na mikono ilikuwa mitupu. Aliona aibu kufika Nyamwaga. Alikuwa anakwenda Musoma akatafute kazi ziwani, na sanduku lile alilibeba upande ule makusudi, asije akaonwa na mtu wa nyumbani. Njaa ndiyo ilimsimamisha, na njia ilikuwa haina pa kupitia bila kutugusa.

"Mwanangu namjua," bibi alimwambia fundi. "Bila ng'ombe haji nyumbani. Atapita kama mwizi. Kwa hiyo nikaona nikae anapopita."

Fundi alivua kofia yake, akaikung'uta. Halafu akasema, "Na mimi nilidhani unataka baraza langu."

"Baraza pia nililitaka," bibi akasema.

Baba alikaa. Kifua hakikupona, ila alipasua kuni, alitengeneza benchi la wateja, na alinifundisha kupiga hesabu kwa kichwa, hesabu ambayo shule haikunipa. Bibi alikufa akiwa na mwanawe ubavuni, na baba alimfuata nikiwa na watoto wangu watatu. Wote wawili wako Nyamwaga, chini ya migomba. Fundi alipozeeka akarudi kwao pwani, na ile nyumba aliniuzia mimi, alikataa wanaume wawili wenye hela zaidi. Pale palipokuwa na cherehani ndipo ilipo hoteli yangu.

Sasa usije ukaniona mzee wa kulaumu kila kipya. Stendi ile ya zamani ilikuwa tope na mkojo, na vibaka wamejaa. Hii mpya itakuwa na paa, vyoo na mabenchi, na mama mwenye mtoto mgongoni hatanyeshewa. Ni vizuri. Wajenge. Watu siku hizi wana simu, mtu anakuambia "nimefika Sirari, nimepita Sirari", kama vile unamwona. Ila simu inamleta yule anayetaka kuja. Yule anayeona aibu anaizima. Na huyo, kwenye mageti manne na uwanja mpana kama wa ndege, atapita upande wake na mama yake hatamwona. Hicho ndicho kilichokufa pale, na sijui kama kuna fundi wa kukijenga.

Kwa sasa watu wa vijijini bado wanaifuata njia kwa mazoea. Anakuja mama na mkungu wake wa ndizi, anafika kwenye bati, anasimama. Analitazama. Anageuka aanze kuzunguka mpaka lami, na basi analisikia linaunguruma hapo hapo nyuma ya bati. Niliwatazama wiki nzima. Hoteli yangu mlango wa mbele unafunguka kwenye njia, upande wa soko, na ukuta wa nyuma umegusana na stendi. Nikaita fundi mwashi akanitobolea mlango.

Mwanangu, ambaye ndiye anayesimamia hoteli, alikuja juu. "Mama, hii ni hoteli au barabara? Watu wanakula, mtu anapita na mbuzi!"

"Mbuzi amekunywa supu ya nani?"

"Amekula chapati ya mteja, mama!"

"Mpe mteja nyingine. Na benchi lile lisogeze ukutani, watu wapite vizuri."

Akaondoka ananung'unika, lakini benchi alilisogeza. Msimamizi wa ujenzi naye alikuja na kofia yake ya plastiki, akaangalia mlango, akaangalia watu wanavyopita, akaagiza chai. Tangu hapo anapitia hapo hapo.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Nyamwaga, na migomba inayoizunguka. Nina ng'ombe kumi na wanne pamoja na ndama. Nina mashine ya kusaga. Nina watoto watatu, na wajukuu ambao wote wamenizidi darasa. Nina hoteli hii, hati yake imeandikwa jina langu, siyo la mume wala la kaka. Ina meza nane na milango miwili. Mlango wa nyuma una komeo zuri la chuma, ila tangu utobolewe sijaliingiza.