Usingizi Tulioukata Vipande

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2013, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa mume wangu mjini Kibondo, nikisubiri aamke. Nilikuwa nimetoka Kasulu kwa basi la alfajiri bila kumwarifu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, ningeweza kuusukuma. Lakini jirani yake, mama wa makamo aliyekuwa akianika muhogo kwenye mkeka, alininyooshea mkono mweupe kwa unga.

"Mwache kwanza, mwalimu. Amejilaza sasa hivi tu. Ametoka kazini saa sita."

"Saa sita mchana? Yeye si yuko zamu ya usiku?"

"Usiku upi? Huo aliuacha kabla ya Pasaka."

Nikabaki kwenye benchi.

Wakati huo mimi nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu Kasulu, naye alikuwa tabibu katika kituo cha afya huko Kibondo. Sote wawili hatukuwa wenyeji. Serikali ilitupanga katika mkoa mmoja na kutuweka wilaya mbili. Watoto wetu walikuwa bweni, mbali, kwa upande wa kwetu. Maombi yetu ya uhamisho yalikuwa ofisini, na kila tulipouliza tuliambiwa yanashughulikiwa.

Katika mwaka wake wa kwanza huko alipangiwa zamu za usiku mfululizo. Alikuwa akinipigia saa saba usiku, wodi ikishatulia, kwa kuwa saa hizo simu ilikuwa rahisi na mtandao haukusumbua. Ili nimpate, niliukata usingizi wangu. Nililala saa mbili na nusu, majirani wakiwa bado mezani. Saa saba kasoro dakika tano simu iliniamsha kwa kengele. Tukazungumza mpaka karibu saa nane. Baadaye nilisahihisha maandalio ya somo ya wanachuo, blanketi likiwa mabegani kwa ajili ya baridi ya Kasulu, kisha nikalala tena kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili. Deni la usingizi nililimalizia mchana, dakika arobaini baada ya chakula, pazia likiwa limeshushwa. Mwanamke aliyeniuzia maharage alikuwa akinikuta nikitoka ndani na alama za mto shavuni, akanisalimia "Mwakeye," salamu ya Kiha ya asubuhi, ilhali ilikuwa saa tisa alasiri. Wateja wake walicheka. Nami niliitikia kama mtu aliyeamka.

Kulikuwa na jambo moja nililomficha mume wangu. Mara ya kwanza aliponiuliza kama ananikatizia usingizi, nilimjibu kuwa usingizi wangu hukatika wenyewe saa saba, simu iwepo isiwepo. Niliogopa kwamba akiijua ile kengele, kwa huruma yake, ataacha kupiga. Uongo huo ulikuwa mdogo, na kwa muda mrefu niliuhesabu kuwa wema.

"Nyinyi wasomi mnaongea nini usiku huo?" jirani aliendelea, akigeuza muhogo. "Ukuta wetu ni mmoja. Mzee wangu anasema tabibu ana mke wa pili ndani ya simu."

"Ni huyu huyu wa kwanza, mama."

"Ego, sawa! Basi mpe ruhusa alale!" Alicheka, kisha akashusha sauti. "Nilimwuliza, tabibu, zamu imekwisha, simu ya nini? Akasema mke wake hana usingizi, ataachaje akeshe peke yake. Na juzi nimempeleka mjukuu wangu, ana homa. Namkuta ameshika kalamu, amefumba macho. Mtoto ndiye aliyempa pole."

"Dawa alimwandikia?"

"Aliandika. Nikamwuliza, tabibu, hii ni ya mtoto huyu au ya ng'ombe? Akaitazama, akaichana, akaandika upya. Alitoka jasho, mwalimu. Mimi nilitania tu, yeye hakucheka."

Alipoamka na kunikuta pale, furaha yake ilitangulia na hofu ikaifuata. Macho yalikuwa mekundu. "Ungeniamsha," alisema. "Nimetoka zamu asubuhi, ndiyo maana." Jirani alikuwa ameinamia mkeka wake kama asiyesikia. Nami nilisema, "Pole na zamu."

Usiku ule tulilala saa tatu. Hakuna aliyeamka saa saba. Tulifunguliwa macho na jua la dirishani, na kwa kitambo tulitazamana kama watu waliofumaniwa.

"Leo hukukatika usingizi," alisema.

"Ni uchovu wa safari."

Ningeweza kusema yote hapo hapo, na yeye pia. Badala yake nilichemsha chai, tukanywa na viazi, kisha akanisindikiza hadi stendi.

Jambo ninaloona aibu kulikumbuka ni kwamba niliporudi Kasulu nilijua, na bado niliendelea kupokea simu kwa wiki sita. Saa saba ilipofika alianza kwa maneno yale yale: "Wodi imetulia." Nyuma yake sikusikia wodi, nilisikia kikohozi cha mzee wa jirani upande wa pili wa ukuta. Usiku mwingine nilimwuliza ana wagonjwa wangapi, nikamwacha awatunge: mama mwenye kifua, kijana aliyeanguka na baiskeli. Niliuliza hali zao kesho yake, naye akawaponya mmoja mmoja. Saa ile moja ndiyo pekee katika siku nzima ambayo mtu aliniita kwa jina ambalo si la kazi yangu. Sikuwa tayari kuitoa, hata nilipojua inatoka kwenye kichwa kilichopaswa kuamua dawa za watoto wa watu asubuhi.

Kisha, siku moja mwishoni mwa Julai, alisinzia katikati ya sentensi. Sikumwita. Niliiweka simu juu ya mto wa pili, nikalala kuielekea, nikasikiliza pumzi zake mpaka mtandao ukakatika. Nilijisikia kama niliye na mtu kitandani. Baada ya hapo chumba kilikuwa kimya kupita siku zote, nami nilianza kuhesabu: saa mbili asubuhi angeshika kalamu. Mbele yake angekaa bibi na mjukuu, na si kila bibi angethubutu kutania kuhusu ng'ombe.

Mchana uliofuata nilipofika nyumbani sikushusha pazia. Niliandika barua, kwa kuwa kwenye simu angeniambia wodi imetulia nami ningekubali. Wakati huo sikuhitaji kengele tena. Kwa wiki mbili ilikuwa ikinikuta macho wazi, nikitazama dari. Kwa hiyo barua ile ina sentensi moja isiyo ya kweli, inayohusu kulala kwangu, nayo niliiandika kwa makusudi. Barua nilimkabidhi kondakta wa basi la Kibondo, na nakala yake ninayo hadi leo.

*Mume wangu,*

*Zamu za usiku uliziacha kabla ya Pasaka. Nilijua tangu siku niliyokaa kwenye benchi lako, na nikanyamaza kwa faida yangu. Usimlaumu jirani, alikuwa akimwogopea mjukuu wake, na alikuwa na haki.*

*Nami nina langu. Usingizi wangu haukuwa ukikatika wenyewe. Niliweka kengele, kila siku, nisikukose. Wewe ukaamka kwa kunihurumia, mimi nikaamka kwa kukusubiri, na hakuna kati yetu aliyekuwa mgonjwa.*

*Usipige tena saa saba. Kengele nimeifuta, na sasa ninalala vizuri mpaka asubuhi. Nipigie Jumapili alasiri, mtandao ukiwa mbaya tutapiga kelele kama watu wengine.*

*Yule mama mwenye kifua na kijana wa baiskeli, waruhusu warudi kwao. Wamepona.*

*Lala.*

*Mkeo*