Jumamosi ya Kumwaga Oili

Sisi tuliokulia Ngokolo, pale Shinyanga mjini, kabla mtoto hajajua kushika simu, tulikuwa na Jumamosi za aina mbili: Jumamosi ya kufua na Jumamosi ya kumwaga oili. Ya kufua ilikuja kila wiki na hakuna aliyeipenda. Ya kumwaga oili ilikuja mara moja baada ya miezi mingi, na hiyo tuliisubiri kama sikukuu.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu, nyeupe iliyogeuka kahawia kwa vumbi. Ilibeba mpunga, pamba, mabati ya watu, na siku nyingine maharusi. Mafundi walikuwepo mjini, lakini Baba aliwaachia mambo makubwa. Oili alimwaga mwenyewe. Nyuma ya nyumba alichimba handaki fupi, kina chake kikimfika kiunoni, na asubuhi hiyo aliiwasha pikapu akaiacha ingurume kidogo. "Oili ya baridi ni mvivu," alituambia, "haitoki yote." Kisha aliiendesha taratibu, magurudumu huku na huku ya handaki, akazima, akashuka chini na spana yake na karai.

Sisi tulikaa kwenye mkeka tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo mwanzoni unadhani umeng'ata kokoto, halafu utamu unakuja polepole. Tulisikia nati ikilia, kisha oili ikianguka kwenye karai: kwanza kwa kishindo, halafu kama uzi, halafu tone moja moja. Baba hakuruhusu nati irudishwe mpaka tone la mwisho. Saa nzima ilipita hivyo. Alikaa ukingoni mwa handaki, miguu inaning'inia, akitusimulia jinsi alivyochunga ng'ombe wa babu na jinsi fisi mmoja alivyomkimbiza mpaka juu ya kichuguu. Kila mwaka fisi yule aliongezeka ukubwa.

Tulikuwa wawili. Kaka yangu Masanja alipewa heshima ya kufuta spana. Mimi, Kabula, nilipewa oili chafu. Nilifunga kitambaa kwenye kijiti na kupaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Kwa hiyo oili iliyotoka kwenye injini niliijua vizuri kuliko Masanja: nyeusi kama masizi ya sufuria, nyepesi, yenye harufu ya kitu kilichoungua, na ilikaa kwenye kucha mpaka Jumatatu. Jumatatu mwalimu wa zamu alikagua kucha mstarini. Nimechapwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya uzio wa nyumbani kwetu, na sikuona ajabu yoyote. Mtoto wa leo akikaripiwa tu kwa sababu ya kucha, mzazi anafika shuleni kabla ya kengele.

Nilipokuwa darasa la tano, Baba aliondoka na wenzake kwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Pikapu alimwachia Mama. Mama alikuwa ameshajifunza kuendesha, na mtaa ulikuwa umeshachoka kumshangaa. Alipeleka mchele sokoni, alibeba wagonjwa, na alipopita watoto walikimbia nyuma wakiimba jina lake, "Mama Masanja! Mama Masanja!" mpaka vumbi likawameza.

Ikapita miezi, na siku moja alifika kijana kutoka Nyarugusu na ujumbe. Jiwe lilikuwa limemwangukia Baba mguuni ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mguu ulivunjika. Alikuwa amefungwa plasta, anaendelea vizuri, lakini kwa basi hawezi kurudi, maana ule mguu haukunjiki.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kukaa. Akampa yule kijana uji, akamshukuru, ndipo akasema, "Jumapili namfuata."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Shida ni kwamba oili ya pikapu ilikuwa imepitisha muda wake, na Baba alikuwa na sheria moja asiyoivunja: hakuna safari ndefu kwa oili iliyochoka. Fundi tuliyemzoea alikuwa amekwenda msibani Maswa. Mzee Sefu, jirani yetu mwenye lori, alikuja kumpa Mama pole, akajitolea kumtafutia fundi mwingine.

"Asante, mzee," Mama akasema. "Nimeangalia mume wangu akifanya miaka yote hii. Nitamwaga mwenyewe."

"Haya, Mama Masanja," alisema Mzee Sefu. Hakucheka, ila alilitazama lile handaki kwa muda mrefu kidogo.

Jumamosi ikafika. Mama alijifunga kitenge juu ya suruali ya Baba, akaipasha injini moto, akaiweka pikapu mahali pake, akashuka. Alikuwa na wasiwasi, nami nilijua kwa sababu aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Masanja alipochungulia na kusema Baba huwa anaanza upande ule mwingine, Mama alijibu kutoka chini, "Sitaki neno la mtu hapa! Atakayesema tena atakwenda kukaa ndani." Masanja akaenda zake kucheza mpira. Mimi nikabaki mkekani, mdomo nimeufunga.

Nati ikalia, oili ikatoka.

Haikutoka kwa kishindo. Ilishuka kwa uzito, kama uji wa ulezi, na harufu yake haikuwa ya kuungua, ilikuwa ya yai viza. Nikainama. Kwenye karai kulikuwa na oili ya rangi ya asali, na ilikuwa kidogo, haikufika hata nusu ya ile niliyozoea. Nikajiambia labda oili ikikosa Baba inabadilika. Mtoto hujitungia sababu yoyote ili asikaripiwe.

Kisha Mama akafungua filta kuukuu, lile kopo dogo linalochuja oili ya injini. Lilipoachia, michirizi myeusi ikadondoka ndani ya ile asali, ikajikunja kama moshi. Nilikodoa macho. Ile nyeusi imetoka wapi, kama oili yote imeshatoka? Na kama nyeusi bado imo ndani, hii ya asali ni ya nani?

Mama hakuona. Alipaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya kwa ncha ya kidole, kama Baba, akaifunga. Akarudisha nati. Akapanda juu, akafungua boneti, akamimina oili mpya galoni nzima, taratibu, bila kumwaga hata tone. Akajifuta jasho, akatabasamu. "Tule kwanza, halafu tupime na kuwasha," alisema. "Baba yako hataamini."

Tuliandaliwa ugali na mlenda. Tonge langu nililizungusha tu kwenye mlenda. Nilimwona Mama akila kwa furaha, mikono imeoshwa lakini mistari ya viganja bado myeusi, nami nikawaza mambo mawili: nikisema, nitamharibia furaha yake na pengine nitapigwa, nisiposema, kesho tutakwama porini, na Baba atabaki kule na mguu wake.

"Mama," nikasema, "ile oili si ya injini."

Akaacha kutafuna. "Unasemaje?"

"Ya injini ni nyeusi. Mimi ndiye ninayeipaka kwenye nguzo. Ile ni ya rangi ya asali na inanuka yai. Nyeusi imetoka pale ulipofungua filta tu."

Nilisubiri kofi. Mama alisimama, akaenda mpaka kwenye karai, akachovya kidole, akanusa. Akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imekipanda mbali kabisa juu ya alama. Injini ilikuwa imejaa mara mbili, ya zamani na mpya pamoja. Alichomwaga kilikuwa oili ya giaboksi, lile sanduku la gia.

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akiegemea gurudumu. Alilia. Sikuwahi kumwona Mama akilia, hata siku ya kijana wa Nyarugusu hakulia. Nilisimama mbele yake na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Ningewasha," alisema baadaye. "Ningefika Kahama, gia zikasagana, zikaisha." Akanivuta karibu. "Kwa nini hukusema mapema, ng'wanawane, mwanangu?"

"Ulisema hutaki neno la mtu."

Alinitazama, akaanza kucheka huku machozi yakishuka, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa nimepona. Kisha akasimama, akakung'uta kitenge, akavuka barabara mwenyewe kwenda kwa Mzee Sefu. Najua sasa kwamba hatua zile zilimgharimu kuliko kazi yote ya asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Masanja. Mmemaliza?"

"Nimemwaga ya giaboksi."

Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, nikimwangalia Mzee Sefu, nikiwa tayari kumchukia akicheka. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza.

"Mimi," alisema, "niliwahi kumwaga oili vizuri kabisa, nikaweka mpya vizuri kabisa, ila nati sikuikaza. Nikaondoka kwenda Runzewe. Oili ilinifuata barabarani mpaka ikaisha, injini ikafa palepale. Nilimwambia mke wangu kuwa niliuziwa oili mbovu, na mpaka leo anamlaani mwenye duka. Usimwambie."

Alikuja na dumu la oili ya injini, oili nzito ya gia, na mrija mrefu wa kujazia. Lakini handakini hakushuka. Alikaa ukingoni, akamwelekeza Mama kwa mkono: nati hii ya injini, hii ya giaboksi, ile ya pembeni ndiyo mlango wa kujazia. Mama ndiye aliyefungua, Mama ndiye aliyefunga. Safari hii oili ilianguka kwa kishindo, nyeusi, na Mama akaniita niichungulie. "Ndiyo hii?" akauliza. Nikasema ndiyo hii. Masanja alirudi kutoka mpirani, akatukuta wote watatu tumechafuka, akauliza kuna nini. Mama akamwambia kalete maji.

Kesho yake tulikwenda, Mama na mimi, kupitia Kahama. Kila baada ya mwendo mrefu alisimamisha gari, akainama kuangalia kama kuna kinachovuja, akapanda tena. Hakikuvuja kitu. Nyarugusu ilikuwa vumbi jekundu na kelele za mashine za kusaga mawe. Baba alikuwa amekaa nje ya kibanda, amekonda, mguu mweupe umenyooshwa mbele yake. Tulisalimiana, Mama akamshika bega. Halafu Baba akaomba magongo, akachechemea mpaka kwenye pikapu, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye suruali, akapima.

"Nani kamwaga?"

"Mimi," Mama akajibu. "Mara mbili."

Akamsimulia yote, hakuficha hata kulia. Baba alisikiliza, akanigeukia. Hakunisifu, wazazi wa wakati ule hawakuwa na kawaida hiyo. Alisema tu, "Utakaa dirishani," na mpaka Shinyanga nilikaa dirishani, Baba akabanana katikati na mguu wake, wala hakuna aliyenibishia.

Baba alikuwa mkali, na sheria za nyumba yetu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Sitaki kudanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Vijana wangu wanajua kutengeneza vitu kwenye kompyuta ambavyo mimi hata kuvielewa siwezi, ingawa siku moja nilimwambia mmoja afungue boneti, akaniuliza ipo upande gani wa gari. Nilicheka, kisha nikaona kosa si lake. Nani alimwonyesha? Nyumbani kwetu Geita, ninakoishi sasa, ua wote umewekwa matofali ya saruji, hakuna mahali pa kuchimba handaki, na mimi sijawahi kukaa naye saa nzima nikisubiri kitu kidondoke.

Gari langu lenyewe linawasha taa ndogo kuniambia muda umefika. Nalipeleka. Nakaa kwenye kiti cha plastiki, kuna televisheni ukutani, kila mtu ameinamia simu yake. Baada ya nusu saa naitwa kwa namba, nakabidhiwa ufunguo, na naondoka na mikono safi. Sijui hata jina la aliyelala chini ya gari langu.