Mlango Mmoja wa Lambo la Usinge

Wasomaji wa kona hii mnanijua. Mimi si mtu wa kushtuka. Niliishia darasa la nne, nikaanza maisha kwa kuponda kokoto na nyundo kule Ng'ambo, na leo nina greda na malori, na wahandisi wenye shahada wananipigia simu kuniuliza kifusi kizuri kinapatikana wapi. Nimedhulumiwa, nimefilisika mara mbili, nimezika ndugu. Kwa hiyo wiki iliyopita nilipoambiwa kwamba mama aliyewahi kuwa mratibu wa mazingira wa miradi ya barabara za halmashauri amefariki kwa presha, nilisema "Mungu amrehemu", nikaendelea kula. Niliamini hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza. Mke wangu ndiye aliyesema lazima twende msibani.

Kwa asiyeijua kazi yake: barabara ya changarawe haishuki kutoka mbinguni. Ukitaka kuinyanyua lazima uchimbe kifusi pembeni, na unapochimba panabaki shimo. Mratibu wa mazingira ndiye anayeuliza shimo hilo litafanywa nini, miti mingapi imekatwa, maji ya mvua yataelekea shamba la nani. Ni kazi yenye heshima kwenye karatasi tu. Yule mama hakupewa hata pikipiki. Alikuja kunikagua kwa gari langu, akanywa maji yangu, halafu alitakiwa anikatalie. Wengi waliomtangulia hawakuweza, na siwalaumu. Utamkatalia vipi mtu anayekurudisha nyumbani? Yeye aliweza.

Tulikuwa tunatengeneza barabara ya vijijini upande wa Usinge, si mbali na ilikopita njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Mimi ni mjukuu wa wapagazi, na hilo hupenda kulitaja mbele za watu. Tulipomaliza, shimo la kifusi lilikuwa na kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani, kuta zimekatwa wima kama za kisima. Mkataba ulitaka nilifukie. Nikapata akili. Wanakijiji hawakuwa na maji ya kunyweshea ng'ombe, basi nikamtuma msimamizi wangu awaambie waandike barua kuomba shimo liachwe liwe lambo. Waliandika kwa furaha, mkutano mzima ukatia saini, wengine dole gumba. Wakandarasi wote wa huku tunaujua ujanja huo, na kila mara kijiji kinashukuru.

Nilimpa mama barua hiyo palepale ukingoni, nikijua nimemmaliza. Aliisoma mara mbili, akachungulia chini.

"Kaka, lambo lina mlango wa kuingilia na wa kutokea," akasema. "Hili lina mmoja tu. Nipe siku moja ya kijiko, ulaze ukuta wa upande mmoja uwe mteremko, nami nitasaini."

Kijiko cha kuchimbia kilikuwa pale pale, kinanguruma. Gharama ilikuwa mafuta ya siku moja. Nikamjibu kwamba ng'ombe wa Unyamwezi wana akili kuliko maofisa, vibarua wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika.

"Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani," akasema. "Hawakumwachia mtu shimo."

Hilo liliniuma. Nikapanda gari nikamwacha amesimama. Baadaye nilisikia alitembea hadi barabara kuu, akafika Tabora juu ya lori la magunia ya mpunga. Kesho yake alinisalimia kama kawaida. Mimi nilikwenda kwa wakubwa wake nikalalamika kwamba anawacheleweshea wananchi maendeleo, na barua ya wananchi hii hapa. Mwezi haukuisha akahamishiwa kwenye taka za sokoni. Saini ilitoka kwa mtu mwingine, barabara ikakabidhiwa kwa picha na hotuba. Ule mlango mmoja nikaufanya kichekesho. Nimeusimulia vijiweni miaka sita, na watu wamecheka hadi chai ikawapalia.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, Ipuli, nyumba ndogo ambayo upande mmoja haujapigwa lipu. Tulipofika makaburini, kwaya ya Kimoraviani ikiimba, likaingia lori dogo la kanta limejaa watu wenye vumbi, kila mmoja na jembe. Nikadhani ni vibarua wa kufukia. Mmoja wao, mdogo kwangu kwa miaka michache, akasimama kando yangu akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikamwuliza wametoka wapi. Akasema Usinge, kwenye lambo.

Nilitamani kuondoka. Yeye akaendelea kusimulia taratibu, kama mtu anayemhadithia mgeni. Mvua za kwanza, maksai wake wawili wa kulimia walishuka kunywa wakateleza. Waliogelea wakizunguka ukuta mchana kutwa, watu wakiwavuta kwa kamba, mpaka vichwa vikazama. Mwaka ule alilima kwa mkono, na nyumbani wakala mlo mmoja kwa siku. Kisha mama akaja kwa basi, na jembe lake. Tangu hapo kila kiangazi alichukua likizo yake yote akalala kwao, akachimba nao ule ukuta ili uwe mteremko.

"Tumefika nusu," akasema. "Mwaka jana alikuwa anapumzika kila baada ya mapigo kumi. Tukamwambia aache, akakataa. Majembe ni haya haya."

Nikamwuliza kama mkandarasi aliwahi kuja.

"Huyo hatumjui, mzee. Mama alisema kosa ni lake, kwamba hakusimama imara." Akanitazama. "Wewe mlijuana wapi?"

"Kazini," nikasema.

Akanipa jembe lake nami nirushe udongo. Mpini ulikuwa laini kwa kushikwa. Nikafukia, na sikumwambia.

Nimejivunia mengi kwenye kona hii na mengi ni kweli. Lakini nimekuwa nikijiuliza ni mashimo mangapi yamebaki kati ya hapa na Kigoma yakiitwa malambo kwa sababu kuna barua ya wananchi. Mtu mwenye kiu atatia saini chochote chenye maji. Ndiyo maana anawekwa mtu mmoja asiye na kiu, aangalie kwa niaba yao, na sisi tunamnyima gari, tunamcheka, tukishindwa tunamhamishia kwenye taka. Yule alikuwa na siku moja tu ya kuomba kwangu. Alipokosa, akailipa kwa likizo zake zote.

Kijiko changu nilikwishakiuza. Nimekodi kingine, juzi kimelaza ukuta uliobaki. Mwenye maksai nilimwambia kwamba mkandarasi yule ni mimi, nikiwa nimesimama mbele ya vijana wake. Akasema, "Ungesema pale kaburini, angesikia." Kazi ilichukua siku moja, kama mama alivyosema. Kukodi kijiko, kukisafirisha kwenda na kurudi, mafuta, na maksai wawili: shilingi milioni saba, laki mbili na elfu themanini.