Kizungu kwa Lahani ya Chuoni

Juzi mtoto wa dada yangu alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake cha Kizungu bila kukwama. Sauti yapanda, yashuka, mwisho wa kila sentensi aivuta kidogo. Dada yangu akapiga vigelegele. Mie nikamuuliza, "Haya, imesema nini hiyo?" Mtoto akaanza kunisomea upya toka juu. Wallahi damu ilinichemka. Si kwa ajili yake, maskini. Nilimkumbuka msichana mwenzangu wa dawati.

Kama umekulia Jomvu Kuu, wajua nasema nini. Asubuhi shule, jioni chuoni kwa maalimu wa Kurani. Chuoni tulifunzwa kusoma Kiarabu: herufi itoke mahali pake, uvute panapovutwa, ufike mwisho wa sura. Maana mtaijua mkikua, alisema maalimu, na hapana aliyekuwa na haraka nayo. Basi tukadhani kusoma kote ndiko huko. Kizungu tukakisoma vile vile, tukiyumba na mabega. Mwenzangu hata hakuwa Mwislamu. Wao walitoka Kaloleni, baba yake alifanya vibarua kwenye magodauni. Lakini kila jioni aliningoja kwenye baraza ya chuo mpaka nitoke, na ile lahani, ule mvuto wa sauti, ikamwingia. Ikawa asoma kunishinda.

Mwalimu wetu wa Kizungu, mwanamke wa kutoka bara, alitusikiliza siku ya kwanza akacheka mpaka akashika meza. "Nyinyi mnaimba ama mnasoma? Niambieni, huyo mkulima alienda wapi?"

"Mkulima gani?" mwenzangu akaninong'oneza.

Hapo jela ikaanza. Asiyejibu hatoki mapumziko. Mlango ulikomewa kwa nje, madirisha yana wavu wa chuma, na harufu ya viazi karai na ukwaju ikapenya humo humo kututesa. Kelele za wenzetu uwanjani, sisi tumekikodolea kitabu macho. Tena mwalimu akasema, mwisho wa mwaka asiyeelewa anachosoma atarudia darasa la tano. Na baba wa mwenzangu alikuwa keshasema lake: ukirudia darasa, shule basi, waenda kwa shangazi yako Kaloleni ukamlelee watoto.

"Huendi popote," nikamwambia.

"Kwani nimekwambia nataka kwenda?"

Tukahamia jikoni kwa bibi yangu. Bibi amekalia mbuzi yake akikuna nazi, moshi wa makuti watutoa machozi, sisi twamsomea kwa madaha yetu yote. Akatukatiza. "Msinipigie makelele kwa maneno nisiyoyajua. Hadithi yenyewe nini? Nani yumo?"

Tukatafuta yumo nani. Majina huanza kwa herufi kubwa, tukayaona. "Kafanya nini?" Tukaokota tulichokijua: ng'ombe, mvua, mto. Neno tusilolijua tukaliruka, pahali pake tukaweka "kitu." Mkulima akachukua kitu, akamfunga ng'ombe.

"Ng'ombe hufungwa kwa nini, nyie?" bibi akauliza. "Kwa uzi wa cherehani?"

"Kamba!" mwenzangu akaruka, nusura amwage tui.

Tukarudi juu, mwanzo wa ukurasa, tukasoma tena na kamba yetu, na mistari iliyokuwa giza ikafunguka. Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni. Bibi hakuacha jambo lipite. Ng'ombe katoka au kafa? Yule mke alinuna kwa nini? Ukisema hujui, wafukuzwa ukaangalie kitabuni, na muhogo wa nazi wausikia harufu tu.

Siku ya mtihani mwalimu alitusimamisha mmoja mmoja. Hadithi mpya, ukurasa mmoja kwa sote; mie nilishapita, ikafika zamu ya mwenzangu. Akasoma polepole, bila lahani, akisimama, akirudi nyuma. Watu wakacheka. Mwalimu akamuuliza mama wa kwenye hadithi alizima taa kwa nini mgeni alipobisha.

Mwenzangu akajibu kwa Kiswahili chake chenye Kigiriama ndani. "Aliogopa, mwalimu. Hawakuandika kwamba aliogopa. Lakini mtu akiwa yuko peke yake na akazima taa, si ni woga huo? Hakutaka ijulikane yumo."

"Kwa Kizungu."

Akarudi kitabuni kulitafuta neno, na neno halikuwamo.

"Kaa chini."

Nikasimama mie. "Mwalimu, ameelewa! Wewe ulisema kuelewa!"

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hapana aliyeniuliza! Ameelewa!"

Nikatolewa nje, mlango ukakomewa, nikabaki nimeng'ang'ania wavu wa dirisha. Yeye ndani, ameinamia dawati. Hakuinua uso.

Januari nikaingia darasa la sita peke yangu. Shangazi yake alikuwa keshamchukua.

Shule mie sikufika nayo mbali. Mengine nimejisomea mwenyewe, mpaka vitabu vya injini, kwa njia ile ile ya jikoni: yumo nani, kafanya nini, ruka, weka kitu, rudi juu. Bibi amekufa. Ile nyumba waliivunja, sasa ni yadi ya makontena, na ukuta wake mrefu hata uwanja wa shule huuoni tena. Kina baba wa mwenzangu walihama, sijui waliko.

Lakini wapo waliosoma nasi ambao hata leo husema yule msichana alikuwa na kichwa kizito. Ukimsikia mmoja, nionyeshe. Tulikuwa darasa zima, tukasoma ukurasa ule ule. Ni yeye peke yake aliyemwona yule mama amesimama gizani, anaogopa.